Sura ya Tano: Grace Ogot na Nchi ya Ng'ambo

Mwaka 1966 kampuni changa ya uchapishaji jijini Nairobi, East African Publishing House, ilitoa riwaya ya mwanamke wa miaka 36 ambaye watu walimjua zaidi kama mkunga na mtangazaji wa redio. Riwaya hiyo iliitwa The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi, na mwandishi wake alikuwa Grace Ogot. Mwaka huo huo Flora Nwapa wa Nigeria alichapishiwa Efuru mjini London. Wanawake hao wawili, mmoja kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria na mwingine kutoka ukingo wa Ziwa Oguta, waliingia pamoja katika uwanja wa riwaya ya Kiingereza ya Afrika, uwanja ambao hadi siku hiyo ulikuwa karibu wote mikononi mwa wanaume.

Huenda msomaji wa Bomeni, hapa Taveta, akauliza Mjaluo wa Asembo amefuata nini katika kitabu kinachozungumza na watu wa Taveta na Voi. Jibu liko ndani ya riwaya yenyewe. Inasimulia bwana na bibi harusi wanaovuka mpaka kuingia Tanganyika kutafuta ardhi. Sisi tunaoishi mahali ambapo Holili ya Tanzania iko hatua chache kutoka soko letu, na ambapo swali la ardhi huulizwa kabla ya chai kumiminwa, tunaisoma hadithi hiyo kwa macho ambayo msomaji wa Nairobi hana.

Grace Emily Akinyi alizaliwa Asembo tarehe 15 Mei 1930. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa eneo lake kupata elimu ya Kizungu, na alifundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya, iliyokuwa ya wamishonari wa Church Missionary Society (CMS). Baba huyo aliwasomea watoto wake hadithi za Agano la Kale kwa Kijaluo. Bibi yake naye alimsimulia ngano za kwao: majitu, ziwa, wazee waliokula kiapo, wasichana waliotolewa kafara. Ukisoma kazi zake zote utaona kwamba sauti hizo mbili hazikuachana kamwe. Manabii wa Biblia na majoka ya ziwani wanakaa katika ukurasa mmoja, wala mwandishi haoni haja ya kumwomba mmoja wao ampishe mwenzake.

Akasoma Ng'iya, kisha Butere. Mwaka 1949 akaenda Uganda kusomea uuguzi katika hospitali ya Mengo, akamaliza 1953. Baadaye akapelekwa Uingereza kuongeza masomo ya ukunga, na huko London akapata pia kazi ya kuandika na kusoma vipindi vya BBC vilivyoelekezwa Afrika Mashariki. Aliporudi akafundisha wakunga katika hospitali ya Maseno. Mwaka 1959 akaolewa na Bethwell Allan Ogot, kijana ambaye angekuja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa bara hili. Bethwell alikuwa wa kwanza kuona kwamba mke wake ana kipaji, akamhimiza aandike. Miaka iliyofuata ilijaa kazi za mishahara: ofisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, muuguzi wa wanafunzi Makerere, ofisa wa uhusiano wa shirika la ndege la Air India, mtangazaji wa vipindi vya Kijaluo. Akazaa na kulea watoto wanne.

Naiorodhesha mizunguko hiyo makusudi. Tumezoea kumfikiria mwandishi kama mtu aliyejifungia chumbani akisubiri maneno yamjie. Grace Ogot hakuwa na chumba cha namna hiyo. Aliandika akitoka zamu, na wodi ya wazazi ikamfundisha jambo ambalo semina ya uandishi haiwezi kulifundisha: namna watu wanavyosema wanapokuwa na hofu, na namna wanavyonyamaza.

Juni 1962 ulifanyika mkutano wa waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza, pale Makerere. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ezekiel Mphahlele. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa baadaye, alikuwapo pia. Grace Ogot alihudhuria na akasoma hadithi yake. Baadaye alisimulia jinsi alivyoumia kuona vitabu vya Afrika Magharibi vimepangwa mezani huku Afrika Mashariki ikiwa karibu haina cha kuonyesha. Aliondoka pale akiwa na nia.

Nia hiyo iligonga mwamba. Alipopeleka hadithi zake kwa East African Literature Bureau, taasisi ya uchapishaji iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni, mkuu wake alishtuka. Hakuelewa inakuwaje mwanamke Mkristo, tena aliyesoma, anaandika juu ya kafara, uganga na laana. Hadithi zikakataliwa. Hebu fikiria uzito wa kauli hiyo kwa muuguzi aliyejua kwamba wagonjwa wake wengi walipitia kwa mganga kabla ya kumfikia yeye, na kwamba wengine wangerudi kwa mganga wakitoka kwake. Alichoandika kilikuwa maisha ya kila siku ya nchi yake. Aliyemkatalia ndiye aliyekuwa anaishi ndani ya ngano, ngano ya Afrika iliyokwisha kutakaswa ikabaki na shule na kanisa tu.

Jarida la Black Orpheus la Nigeria lilikuwa na moyo mpana zaidi, likamchapisha mwaka 1963. Hadithi hiyo ndiyo ambayo vizazi vya wanafunzi wa Kenya vinaijua kama The Rain Came. Mvua imekataa, na chifu Labong'o anaambiwa amtoe binti yake wa pekee, Oganda, kwa joka la ziwani. Kijiji kizima kinashangilia. Msichana anatembea peke yake kuelekea majini, na kijana Osinda anamfuata na kumwokoa. Halafu mvua inanyesha hata hivyo. Ogot haelezi ni kwa nini imenyesha. Namheshimu sana kwa kunyamaza pale.

Sasa turudi kwenye nchi ya ahadi. Ochola ni kijana aliyeoa karibuni. Ardhi ya kwao imebanana, na habari zinafika kwamba ng'ambo, Tanganyika, kuna mashamba mapana yasiyo na mwenyewe. Mkewe Nyapol hataki kwenda. Anaona ni wazimu kuacha makaburi ya wazee kwa ajili ya udongo wa watu wasiowajua. Lakini mume ameamua, na desturi iko upande wa mume. Wanavuka. Wanalima, wanavuna, ghala linajaa. Jirani yao, mzee mwenyeji anayejua dawa, anawatazama wageni wakitajirika, na wivu unamwingia. Siku moja vitu kama miiba vinamwota Ochola mwili mzima. Hospitali ya Wazungu inashindwa kumtibu. Mganga wa kienyeji anafaulu, lakini kwa sharti kwamba wahame mara moja. Basi wanarudi walikotoka, na mali yote waliyoitafuta wanaiacha nyuma.

Wahakiki waliidharau riwaya hii ilipotoka. Walisema lugha yake imelala na mwisho wake umeharakishwa. Kuhusu mwisho nakubaliana nao: kurasa za mganga zinakimbia wakati msomaji anataka kusimama. Lakini wengi wao waliitazama kama hadithi ya uchawi, na kwa hiyo ardhi ikawapita. Ochola anaambiwa kuna ardhi tupu. Ardhi hiyo haikuwa tupu, ilikuwa na mzee mwenye kumbukumbu na hesabu zake. Ogot hamtetei mzee huyo, lakini hamruhusu msomaji asahau kwamba alikuwapo kwanza.

Msomaji wa Taveta hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mpaka wetu ulichorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, na mstari ukapindishwa kuuzunguka Kilimanjaro. Taveta ikabaki huku, Moshi ikabaki kule, na ukoo mmoja ukajikuta una bendera mbili. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1916 majeshi yakauana katika kilima cha Salaita, na reli ikavutwa kutoka Voi kuja huku kwa ajili ya vita hivyo. Wakati wa amani, Mwingereza Ewart Grogan alijikusanyia eneo kubwa la mashamba na kujenga jumba lake juu ya kilima. Mashamba makubwa ya katani yalibaki baada ya ukoloni, na familia ambazo babu zao walizaliwa hapa zikaitwa maskwota. Zaidi ya nusu ya kaunti nzima ya Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo. Kwa hiyo kijana wa Bomeni anayetaka ekari mbili za migomba anaangalia pande tatu na kukuta ua, mbuga au shamba la tajiri. Upande wa nne ni Tanzania.

Nimekutana na watu wengi waliofanya alichofanya Ochola, na wengine waliofanya kinyume chake, wakaja kulima huku kutoka ng'ambo. Wako mama zetu wanaofika soko la Jumatano na Jumamosi na mikungu ya ndizi, mmoja akiwa na kitambulisho cha Kenya, mwenzake cha Tanzania, na wote wawili wakigombana juu ya bei kwa Kiswahili kimoja. Nyapol yumo miongoni mwao. Ni yule anayesema hataki kuhama, kisha anahama, na anapofika ndiye anayepalilia. Ogot alimwona mwanamke huyo miaka 60 iliyopita na akampa akili, hasira na hoja. Katika riwaya nyingi za wanaume wa kizazi chake, mke wa mhamiaji hubeba mzigo kichwani na basi.

Mkusanyo wake Land Without Thunder ulifuata mwaka 1968. Humo mna hadithi iitwayo Elizabeth, ya karani wa kike anayebakwa na mwajiri wake katika Nairobi ya baada ya uhuru na kuishia kujiua. Ilichapishwa wakati ambapo hakuna mtu aliyezungumza hadharani kuhusu mabosi na makarani wao. Ningeomba kila shule ya upili ya kaunti hii iwe nayo, na mwalimu akae na wanafunzi wake, wavulana na wasichana pamoja, waizungumze bila haraka.

Kisha siasa ikamwita. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha waandishi wa Kenya na akakiongoza. Mwaka 1975 alikuwa katika ujumbe wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa, mwaka uliofuata akawa katika ujumbe wa UNESCO. Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge. Miaka miwili baadaye mbunge wa Gem, Horace Ongili, aliuawa, na katika uchaguzi mdogo Grace Ogot akagombea na kushinda. Alikitetea kiti hicho mwaka 1988, na katika miaka hiyo akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Wengine wanamlaumu kwa kutumikia serikali iliyowafunga waandishi wenzake, na lawama hiyo ina msingi: Ngũgĩ alikuwa uhamishoni wakati Ogot akiketi upande wa serikali bungeni. Siwezi kuifuta lawama hiyo kwa sababu ninazipenda hadithi zake. Lakini siwezi pia kufuta alichoandika kabla ya kuingia bungeni. Mwaka 1980, katika riwaya The Graduate, alimbuni mwanamke aitwaye Juanina Karungaru na kumfanya waziri kamili katika baraza la mawaziri la Kenya. Wakati huo hapakuwa na mwanamke wa namna hiyo nchini. Kenya ilimpata waziri wake wa kwanza wa kike, Nyiva Mwendwa, mwaka 1995. Riwaya ilitangulia serikali kwa miaka 15.

Jambo ambalo nataka msomaji alishike zaidi katika maisha haya, hata hivyo, ni uamuzi alioufanya akiwa na umri wa miaka 50. Akiwa tayari anajulikana kwa Kiingereza, Grace Ogot alianza kuchapisha kwa Kijaluo. Mwaka 1981 kilitoka Ber Wat, mwaka 1983 kikatoka Miaha na Simbi Nyaima. Miaha inasimulia bibi harusi Nyawir, aliyelikiuka katazo la jembe lililokuwa likilima lenyewe, na tangu siku ile watu wakalazimika kulima kwa jasho. Hadithi hiyo ilichezwa jukwaani mbele ya watu wa kawaida, wengi wao wasioweza kusoma Kiingereza. Alitaka mama wa kijijini aisikie kazi yake akiwa bado hai. Mtaalamu wa isimu Okoth Okombo aliitafsiri baadaye kwa Kiingereza kwa jina The Strange Bride, mwaka 1989. Mkondo uligeuka: safari hii Kiingereza ndicho kilichosubiri.

Hapa ndipo inapofaa kuangalia mbali, hadi Norway, kwa mwandishi mwingine anayeandika kwa lugha ya watu wachache. Vigdis Hjorth alizaliwa Oslo mwaka 1959 na alianza kwa kitabu cha watoto mwaka 1983, mwaka ule ule wa Miaha. Ameandika riwaya kwa miongo minne katika lugha yake. Mwaka 2016 alitoa Arv og miljø, inayohusu ndugu wanaogombania urithi wa nyumba za mapumziko na siri mbaya ya familia inayofufuka katikati ya ugomvi. Dada yake Helga aliona familia yao imeanikwa, akaandika riwaya yake mwenyewe ya kujibu. Taifa zima likajadili. Ugomvi wa urithi tunaujua hapa, huishia kwa chifu au mahakamani Voi. Kule uliishia madukani, katika vitabu viwili.

Msomaji atasema Norway ni tajiri. Ni kweli, na utajiri unasaidia. Lakini tazama idadi ya watu. Wanorwe ni kama milioni 5.5. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu Wajaluo kuwa zaidi ya milioni 5. Lugha ya Hjorth na lugha ya Miaha zina watu wanaokaribiana kwa wingi. Tofauti iko katika mipango. Tangu 1965 serikali ya Norway hununua nakala za riwaya mpya zinazopita tathmini, nakala kama elfu moja za kila kitabu mpango ulipoanza, na kuzigawa katika maktaba za umma. Mwandishi anayeanza ana uhakika wa kusomwa Oslo na katika kijiji cha wavuvi kaskazini. Vitabu havitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Kwetu, sheria ya 2013 iliviwekea vitabu asilimia 16. Grace Ogot aliandika Kijaluo bila maktaba yoyote kumwahidi kununua hata nakala moja. Mwishoni mwa maisha yake, wasifu wake aliouandika mwenyewe, Days of My Life, ulitolewa na Anyange Press ya Kisumu, kampuni ya mumewe. Familia ililazimika kuifanya kazi ambayo kwingine ni ya taifa.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Machi 2015, akiwa na miaka 84.

Na sisi? Sensa ile ile iliipa Taita Taveta watu takribani 340,000. Kisiwa cha Iceland kina watu wanaokaribia idadi hiyo, na kina riwaya zake, wachapishaji wake, na mwandishi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955, Halldór Laxness. Wala si kwamba hatukuanza mapema. Wamishonari wa CMS walikuwa na mtambo wa kuchapia hapa Taveta, na kuanzia 1895 walitoa jarida lililoitwa Taveta Chronicle. Agano Jipya la Kitaveta lilikuwapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Wino ulifika Taveta kabla mji wa Nairobi haujazaliwa. Lakini waliotumia wino huo walikuwa wageni, waliandika wanachotaka kuona, na walipoondoka waliuchukua uwezo wao.

Hadithi ziko nyingi mno. Iko ya msichana aliyeozwa ng'ambo ya Ziwa Jipe na sasa hana cheti cha upande wowote. Iko ya mjane ambaye shamba lake la migomba limo katika ramani ya mtu aliyeko Nairobi. Iko ya familia ya kule Mata iliyopoteza mazao yote kwa ndovu katika usiku mmoja. Hakuna kati ya hizo inayohitaji kutungwa kutoka hewani. Zinahitaji mtu wa kukaa chini na kuzipa mpangilio, kwa Kitaveta, kwa Kidawida au kwa Kiswahili, jinsi muuguzi wa Maseno alivyokaa akitoka zamu.

Ninalo ombi kwa kaunti na ombi kwa msomaji. Kaunti inaweza, kwa fedha ndogo kuliko gharama ya sherehe moja, kutenga fungu la kununua nakala mia chache za kila kitabu kizuri kinachoandikwa na mwenyeji na kuzipeleka katika shule na maktaba, kuanzia Voi na Wundanyi hadi Taveta. Na wewe dada wa Bomeni unayeuza nguo sokoni, unayefundisha darasa la nne, unayefanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini: usingoje ruhusa ya mtu. Grace Ogot aliambiwa hadithi zake hazimfai mwanamke Mkristo, na akaandika vitabu kwa lugha mbili. Nunua daftari wiki hii, na uanze na jambo lile ambalo nyumbani kwenu huwa hamlisemi mbele ya wageni.